Bibi wa Al Khoudh alivyomnyima mjukuu wake radhi kwa sababu ya theluji ya Austria

Wakuu, mko poa humu ndani?

Mimi huwa nasoma nyuzi zenu na kupita kimyakimya, miaka inakwenda. Leo nimeshindwa. Hii nisipoisema nitapasuka. Kila nitakachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu, na sehemu kubwa ya makosa ni yangu mwenyewe, kwa hiyo mkitaka kunicheka ruksa. Mimi bado nacheka mpaka mbavu zinauma.

Uzi unahusu theluji. Naandika kutoka Muscat. Najua, tulieni kwanza.

Mimi ni Tabita, mtoto wa Sikonge, Tabora. Niko Oman mwaka wa nne, namtunza bibi mmoja huku Al Khoudh, karibu na chuo kikuu. Ni familia ya Waomani waliotokea Zanzibar, nyumbani Kiswahili na Kiarabu vinagongana mlangoni. Bibi anaitwa Bi Zuwena. Anaishi kwa binti yake, mhadhiri, ambaye mimi namwita Madam.

Bi Zuwena ana mtoto wa jicho, hasomi chochote. Kwa hiyo mimi ndiye macho yake. Kila asubuhi baada ya chai namsomea: nani amefariki, nani ameoa, samaki gani wameingia sokoni. Akiridhika ananiambia, "Haya, funga gazeti." Gazeti lenyewe ni simu yangu.

Sasa Madam ana kijana wake, Haitham, anasoma uhandisi Austria. Mjukuu pekee wa kiume. Huko amepata marafiki wawili, kaka na dada, Waaustria, wakamfundisha ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni. Na siyo ile ya kukaa kwenye kiti cha umeme kinakupandisha. Hawa wanapanda mlima kwa miguu yao saa tatu nzima, ski zimefungwa ngozi kwa chini zisiteleze, wakifika juu wanabandua ngozi wanashuka kule ambako hakuna njia wala mtu.

Bibi alipoelezwa kwenye video call aliuliza, "Huko juu kuna nini?"

Haitham akasema, "Hamna kitu, Bibi."

"Sasa mwafata nini?"

Nilitoka sebuleni nikaenda kuchekea chooni.

Haitham akaona amtulize bibi yake. Akamwambia asiwe na wasiwasi, kule serikali inatoa taarifa ya theluji kila siku, inasema mlima upi theluji yake ina hatari ya kuporomoka na kwa kiasi gani, kuanzia moja mpaka tano. Moja shwari, tano usitoke nyumbani.

Ungemwona Bibi alivyonigeukia. "Tabita, iko humo kwenye simu yako?"

Ilikuwepo. Kwa Kiingereza, na ramani ya rangi juu.

Basi wakuu, kuanzia siku ile, vifo, harusi, samaki, halafu theluji ya Austria. Nje watu wanatafuta kivuli cha kuegesha gari, mimi na Bibi tunajadili upepo wa milima ambayo hatutaikanyaga maisha yetu.

Siku ya kwanza nilisoma yote kama ilivyoandikwa. Kwamba mtu mmoja tu akikanyaga pabaya anaweza kuangusha mteremko mzima. Kwamba ukifukiwa, theluji inakauka kama zege na wenzako wana dakika chache tu za kukufukua. Bibi presha ikapanda palepale. Madam akarudi kazini, akaniita jikoni, akanionya kistaarabu lakini nikaelewa: mama yake asitishwe tena.

Usiku uleule Haitham naye akanitumia ujumbe. "Dada Tabita, msomee Bibi yale mazuri tu. Yakiwa mabaya sema salama."

Nikawa mhariri.

Taarifa ikisema mbili, mimi nasoma moja. Ikisema tatu, mimi nasoma moja na nusu. Wakuu, kwenye ile taarifa hakuna kitu kinachoitwa moja na nusu. Nimeibuni mimi, Tabita wa Sikonge, darasa la saba na veta ya upishi. Na Bibi anaipokea kwa heshima zote, "Alhamdulillahi, moja na nusu si haba."

Na mimi dhamira hainisuti hata kidogo, kwa sababu nilijua tatu kati ya tano ni wastani. Shuleni kwetu ukipata tatu kati ya tano mwalimu anakuwekea vema, unarudi nyumbani unaruka.

Sasa hapa mnielewe vizuri, ndipo penye uzito.

Haitham ni mkaidi kwa kila kitu. Nywele hakati, simu ya mama yake hapokei. Lakini hapandi mlima bila radhi ya bibi yake. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi ya kwetu, kwao saa kumi na mbili, anapiga video, ameshavaa helmeti. Bibi ananiuliza, "Leo ngapi?" Mimi nasema moja. Bibi anafungua viganja, anasoma dua ndefu, anampulizia kupitia kioo cha simu, anamwambia, "Nenda baba, radhi zangu unazo." Ndipo anapanda.

Nimeliangalia hilo Jumamosi kadhaa nikiwa nimeshika simu mimi mwenyewe, sijashtuka.

Kilichonishtua ni udadisi. Mimi kitu nikikisoma kila siku lazima nikichimbe. Nikawa mchana Bibi akilala nasoma yale maelezo ya chini ambayo huwa hatuyafikii. Nikajua theluji haikai kama unga kwenye gunia, inakaa tabaka tabaka, kila siku iliyonyesha na tabaka lake. Kuna tabaka la chini likiganda vibaya linakuwa chenga chenga kama sukari, halishiki kitu. Upepo ukija unaleta theluji mpya unaigandamiza juu ya ile sukari. Ukitazama unaona mlima mweupe, mzuri, umelala. Kumbe umelazwa juu ya sukari.

Nikajua pia kwamba mteremko ukizidi digrii thelathini ndipo mambo yanapoanza. Na nikajua kuhusu tatu. Wenyewe wanasema tatu ndiyo inayowapata wengi, kwa sababu nne na tano watu wanaogopa wanabaki ndani, lakini tatu inasomeka kama ruhusa.

Nilivyosoma hapo, wakuu, kile kivema cha mwalimu wangu nilikiona kinanikodolea macho.

Ijumaa moja Haitham akanitumia picha ya mlima, amechora mstari mwekundu wa kesho watashukia wapi. Ametia na vicheko, furaha imemjaa. Nikafungua taarifa ya Jumamosi. Tatu. Upepo umejaza theluji upande wa kusini mashariki, sehemu za juu. Chini kuna tabaka bovu. Mtu mmoja anatosha kuliamsha, hata akiwa mbali nalo. Nikarudi kwenye picha. Alikuwa ameandika mwenyewe kwa pembeni, southeast.

Ndiyo kusini mashariki ileile.

Nikamwandikia. Akajibu, "Tumeshaiona dada, tuko makini. Bibi asijue tu."

Nililala vibaya. Nikimwambia Bibi, presha ikipanda, Madam atanikatia tiketi ya Dar wiki hiyohiyo, na haki atakuwa nayo. Nisipomwambia, kesho saa tatu nashika simu tena anapulizia dua.

Jumamosi ikafika. Madam alitoka mapema, ameenda Darsait kwa fundi wake wa nguo. Tupo wawili. Bibi amekunywa chai, amejifunika shela kwa sababu kwake joto la nyuzi ishirini na mbili ni baridi kali. Vifo nikasoma. Samaki nikasoma.

"Haya," akasema, "theluji."

Nilifungua mdomo kusema moja na nusu. Haikutoka. Ikatoka tatu.

"Tatu katika tano?" Bibi akafikiri. "Si wastani huo?"

Nikacheka na huku nataka kulia! Yaani na yeye!

Nikajaribu kueleza, tabaka, upepo, Kiswahili chote kikanikimbia. Mwishowe nikasema Bibi subiri. Nikaenda jikoni nikarudi na sinia kubwa, sukari, unga wa ngano, na sahani. Nikaketi chini kwenye zulia la Madam, Mungu anisamehe. Nikamwaga sukari kwenye sinia, nikaitandaza. Juu yake nikachekecha unga, nikaugandamiza polepole kwa kitako cha sahani mpaka ukashikana. Nikamwita Bibi akae mbele yangu aguse.

Akapapasa. "Mgumu. Mtu aweza kusimama hapa."

"Ndivyo wanavyosema na wao, Bibi."

Bibi akachangamka, maana ni mtu wa jikoni maisha yake yote. Akachukua kokwa ya tende kwenye kisahani, akaichomeka juu ya unga. "Huyu Haitham," akasema. Tukacheka sana. Nikaweka simu juu ya ukingo wa sinia, ina kile kitu cha kupima digrii, nikaanza kuinua upande wangu. Kumi. Ishirini. Namsomea, yeye anaitikia kama watoto wa chekechea. Ishirini na tano, shwari. Thelathini, shwari. Thelathini na tano, shwari, Bibi anapiga makofi, "Maashallah, Haitham kasimama!"

Nikamwambia, "Sasa Bibi, gusa hapo juu kidogo tu. Kama mtu anapita."

Akagusa kwa kidole kimoja.

Unga ukapasuka mstari mmoja, pah, ukashuka wote kwa pamoja mapajani mwake!

Wakuu tulicheka! Bibi mweupe shela mpaka nyusi, mimi nimejiviringisha kwenye zulia, anasema "Ya Rabbi, umenizika mzima!" Tulicheka mpaka akaanza kukohoa.

Halafu akauliza, "Haitham yuko wapi?"

Akaanza kupapasa unga. Mimi bado nacheka. Anapapasa, anapekua, vidole vinakwenda huku vinarudi huku, kokwa haipo. Nikanyamaza kucheka. Nikatia mkono nimsaidie, naye akanisukuma, anataka aipate mwenyewe. Alitafuta muda mrefu. Ilipokuja kuonekana ilikuwa chini kabisa, kwenye mkunjo wa nguo yake.

Aliishika kwenye kiganja. Hakunitazama.

"Leo ndo imekuwa tatu," akasema, "au zamani?"

Nikamwambia yote. Moja na nusu, ujumbe wa Haitham, picha, southeast. Nililia kama mtoto. Nilimwambia nilifanya kwa ajili ya presha yake.

Akasema taratibu, "Tabita. Miye nnampa mjukuu wangu radhi, nnamkabidhi kwa Mungu, kumbe sijui nnamkabidhi kwenda wapi. Umenifanya nikatoa radhi za uwongo."

Nimetukanwa Oman, wakuu, na nimetukanwa Kariakoo. Hakuna tusi lililowahi kunifika hapo.

Simu ikaita. Saa tatu kamili.

Haitham huyo, helmeti kichwani, meno thelathini na mbili nje. Nyuma yake wenzake wanafunga viatu. "Sabah al-kheir Bibi! Tunatoka sasa hivi, nipe radhi."

Bibi hajajifuta unga. Akasema, "Mlima wenu una digrii ngapi?"

Haitham akatazama simu kama imemng'ata.

"Eti nini, Bibi?"

"Nnakuuliza mteremko. Digrii."

"Kama... thelathini na nane."

"Upepo juzi ulipiga wapi?"

Haitham ananitafuta kwa macho kwenye kioo. Mimi natazama dari.

"Jana mlipopita huko chini, theluji iliguna? Ilitoa sauti 'vuuump' miguuni?"

Hilo nilikuwa nimemsomea asubuhi ileile kati ya machozi, jamani mtu mzima ana kichwa! Kijana akasema ndiyo, iliguna mara mbili, lakini Bibi wallahi tumejipanga mwezi mzima, tuna vifaa vyote, tuna redio za kutafutana, wenzangu wamezaliwa kwenye hii milima.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo naomba yaandikwe kwenye kanga:

"Radhi zangu zinaishia digrii ishirini na tano. Ukizidi hapo, baba, unakwenda peke yako."

Akaongeza, "Na juu yenu pasiwe na mlima mwengine umekuinamieni."

Haitham alibisha, alibembeleza, mwishoni alinuna. Kule nyuma tunasikia anawaelezea wenzake kwa Kijerumani, na wao wanacheka. Yule dada akacheka sana. Halafu hakucheka. Akauliza kitu, Haitham akajibu kwa sauti ndogo, wakaanza kuinamia ramani wote watatu. Akarudi kwenye simu uso umemshuka. "Khalas, Bibi. Tunaenda msituni huku chini. Ishirini na mbili."

"Digrii?"

"Digrii, Bibi."

Basi Bibi akafungua viganja vyenye unga, akaomba dua nzima nzima, akapuliza. Kioo chote kikawa cheupe.

Saa zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Madam akarudi na nguo zake, akakuta zulia, akakuta mama yake amepakaa unga. Bibi akamhadithia. Madam akanigeukia, "Mimi si nilikwambia asitishwe?"

Bibi akajibu yeye, "Asiponitisha huyu, n'nani atanitisha? Nyie nyote mwanibembeleza kama yai."

Tukapima presha. Wakuu, ilikuwa nzuri kuliko siku zote za moja na nusu. Madam akapima mara ya pili, hakuamini.

Alasiri video ikaingia. Haitham, safari hii hana meno nje. Akageuza kamera.

Bibi akaniambia, "Nisomee."

Nikatazama. Ni ule mlima wa kwenye picha. Juu kabisa kuna ufa mrefu umekatwa kama kwa kisu, ng'ambo mpaka ng'ambo. Chini ya ule ufa hakuna tena weupe laini, kuna mabonge, mabonge makubwa kama magari, yamefika mpaka kwenye miti na miti mingine imelala. Hakuna mtu aliyekuwepo. Ulianguka wenyewe, wao wakiwa ng'ambo ya bonde wanakula mkate, na walisikia mlio kwanza ndipo wakaona.

Madam alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi. Na kwa mara ya kwanza sikumtazama mtu kuomba ruhusa, nikamsomea Bibi kila kitu, ufa, mabonge, miti, na kwamba ule mstari mwekundu ulipita katikati yake.

Bibi akamuuliza Haitham, "Hao wenzio, wana bibi zao?"

Haitham akauliza kule. Akarudi akasema hawana, alikuwepo mmoja, amekufa.

"Waambie wanaye," Bibi akasema.

Hapo ndipo Haitham alipolia, mtu mzima na helmeti yake.

Na sasa wakuu, furahini na mimi. Kila Jumamosi saa tatu inapigwa simu na watu watatu. Wale Waaustria wameshafundishwa. Wanapanga foleni mbele ya kamera, mmoja mmoja, "Bibi, radhi?" Na Bibi wa Al Khoudh, ambaye hajawahi kugusa theluji zaidi ya ile ya kwenye friji, anawauliza, "Digrii?" Wiki iliyopita yule kaka alisema thelathini, akarudishwa akapange upya. Akaenda kupanga upya!

Mimi sikufukuzwa. Madam alininunia siku mbili, ya tatu akaniuliza hilo sinia linafanywaje.

Sasa nilichojifunza. Anayekuombea, anaombea habari uliyompa. Ukimpa nusu, anaomba nusu, na ile nusu nyingine unatembea nayo mwenyewe.

Nikawaza hilo nikiwa nasafisha zulia, nikashika simu kumpigia mama yangu Sikonge. Miaka minne namwambia kazi nyepesi, nakula vizuri, nimenenepa. Siku ile nikamwambia kwamba mwaka wa kwanza, kwenye nyumba nyingine kabla ya hii, nilifungiwa simu miezi mitano, na kwamba mpaka leo mlango ukifungwa kwa nguvu huwa nashtuka. Nikamwambia na mguu wangu niliofanyiwa upasuaji akidhani niko likizo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Kumbe miaka yote nilikuwa namwombea mtu mwingine. Haya, niambie na lingine."

Tuliongea mpaka simu ikawa ya moto.

Wenzangu mlio mbali na kwenu, Ughaibuni, Dar, popote: nyumbani mnawaambia nini? Karibuni mfunguke, na mwenye kunicheka kwa ile tatu ya shuleni aanze yeye.